Gurudumu la Tatu na Njia Yake

Mtu anayestaafu Kivu Kaskazini na kutaka chombo chake cha kwanza cha kutembelea hukutana na ushauri uleule kwa watoto wake, kwa jirani na kwa muuzaji wa pikipiki: chukua ya magurudumu matatu. Ushauri huo una upendo ndani yake. Wanaoutoa wameona jinsi mzee anavyoshuka ngazi, wameona anavyotafuta mahali pa kushika kabla ya kuinuka, na hawapendi kufikiria mguu wake umebanwa chini ya pikipiki kwenye tope huku vijana wakitazama. Nami niko katika umri wa kupewa ushauri huo, na nimeutafakari kwa miaka kadhaa, si kwa sababu una ugumu, ila kwa sababu watu wenye akili timamu wanaendelea kuutoa. Ninachoona ni kwamba kwa mtu anayekusudia kutembea kati ya Masisi na Walikale, chombo cha magurudumu matatu ni uchaguzi mbaya kuliko yote anayoweza kuyafanya kwa fedha yake. Sababu haiko kwenye bei, wala kwenye umri, wala kwenye aibu ya mzee kuendesha kitu kinachofanana na mkokoteni. Iko ardhini.

Pikipiki ya magurudumu mawili inahitaji njia moja tu: gurudumu la nyuma hupita palepale la mbele lilipopita. Gari lina njia mbili, na lori lililolitangulia limeshamchimbia dereva mifereji miwili ya kufuata, iwe vizuri au vibaya. Pikipiki ya magurudumu matatu inahitaji njia tatu kwa wakati mmoja, na ya tatu hakuna aliyeitengeneza. Panda kutoka Sake kwenda Mushaki, endelea hadi Bihambwe, Katale, Lushebere mpaka Masisi mjini, na utazame barabara baada ya malori machache ya Fuso kupita wakati wa mvua. Magurudumu yamekata mifereji miwili, na katikati limebaki tuta lenye mawe na majani. Mwenye pikipiki huchagua: ukingo wa barabara, tuta lenyewe, au mfereji mmoja ulio afadhali. Wengi hupita ukingoni, mahali pa upana wa sahani, ambapo miguu ya watu na mbuzi imeshindilia udongo. Mwenye magurudumu matatu hana pa kuchagua. Magurudumu yake ya nyuma yakiingia kwenye mifereji, la mbele linapanda juu ya tuta na usukani unakuwa mwepesi mkononi, hausikii. Tena upana wa magurudumu yake si upana wa lori, kwa hiyo moja la nyuma linatumbukia mferejini na jingine linabaki ubavuni mwa tuta, na chombo kizima kinaegemea upande kama kinataka kulala. Udongo wa Masisi ni wa volkano, una rutuba ya kusifika kwa maharage na viazi, na ukilowa unateleza vibaya sana. Vilima vyenyewe vinapanda kutoka usawa wa Ziwa Kivu, mita 1,460 hivi, hadi kupita mita 2,000, na barabara haikuvipanda kwa upole.

Anayedhani haya ni hesabu ya mezani tu na aitazame chukudu. Wenyeji wa milima hii, watu wasio na kiwanda wala mhandisi, walijitengenezea chombo cha kushushia mizigo kutoka mashambani hadi masokoni: mbao za mkaratusi, mpira wa tairi lililochakaa uliopigiliwa kwenye gurudumu la mti, mahali pa kuweka goti, na usukani mpana. Chukudu hubeba mamia ya kilo za mkaa, viazi au kabichi. Goma imeijengea sanamu ya rangi ya dhahabu kwenye mzunguko wa barabara, na inastahili. Sasa fikiria. Mtu anayebeba mzigo wa namna hiyo, anayelazimika kuusukuma mlimani kwa mabega yake, ndiye hasa angefaidika na gurudumu la tatu likishika mzigo usianguke. Mbao anazo, misumari anayo, kuongeza gurudumu hakungemgharimu kitu kikubwa. Hata hivyo chukudu imebaki na magurudumu mawili yanayofuatana, moja nyuma ya jingine, miaka yote hii, na kila fundi wa Masisi na Rutshuru ameikuta hivyo na kuiacha hivyo. Vyombo ambavyo watu maskini wamevirekebisha kizazi baada ya kizazi ni ushahidi mzito kuliko karatasi ya matangazo. Ukingo wa njia una nafasi ya gurudumu moja, nao waliujua ukingo huo kabla pikipiki hazijajaa huku.

Pingamizi la kwanza, nalo ni la haki, linatoka jikoni: mafiga matatu hushika chungu hata kwenye sakafu isiyo sawa, ilhali mawili hayawezi. Ni kweli. Lakini chungu juu ya mafiga hakiendi popote. Gurudumu la tatu linatatua tatizo la kusimama. Tatizo la kwenda linabaki, na mara nyingine linaongezeka. Pikipiki ya kawaida inapoingia kwenye kona hulala upande wa kona, na uzito wa mtu na mzigo unaendelea kukandamiza matairi. Ya magurudumu matatu hailali. Uzito unasukumwa nje ya kona, na kwa kuwa mbele kuna gurudumu moja tu, pembe yote ya mbele haina wa kuizuia isipinduke, hasa dereva akikamata breki akiwa tayari amekata usukani. Ongeza magunia mawili juu ya sanduku la nyuma, uzito unapanda, na kona iliyokuwa salama asubuhi haiko salama jioni. Halafu kuna suala la kuinua. Boxer au TVS ina uzito wa kilo 110 na kitu. Ikilala kwenye tope, wapita njia wawili wanaisimamisha na safari inaendelea. Chombo cha mizigo cha magurudumu matatu kinachotoka China kina kilo 300 na zaidi kikiwa kitupu. Kikipinduka hakimwachi mzee na goti lenye mchubuko. Na kikinasa bila kupinduka, difu yake ya kawaida inapeleka nguvu kwenye gurudumu lisiloshika kitu, linazunguka hewani likirusha matope, wakati lile lililo kwenye ardhi ngumu limetulia. Kwa hiyo anayeogopa kuanguka anapaswa kuuliza aina ya anguko, kwa sababu kuanguka kwa mwendo wa miguu na kupinduliwa na kilo 300 kwenye mteremko ni mambo mawili.

Kuna swali la kushuka pia, ambalo wauzaji hawaligusi. Anayetoka Mushaki kwenda Sake anashuka muda mrefu, na injini ndogo ya sentimita za ujazo 150 au 200 haiwezi kuzuia uzito wote huo peke yake. Breki za ngoma za nyuma zinapata moto, na zikipata moto zinapoteza nguvu.

Walikale ni habari nyingine, na wanaoitaja pamoja na Masisi kana kwamba ni barabara moja hawajaifikiria. Masisi ina kilomita za mraba 4,734. Walikale ina 23,475, eneo kubwa kuliko mengine yote ya Kivu Kaskazini, na sehemu kubwa ni msitu. Huko adui si kilima bali maji: Lowa, Oso, Luhoho, na vijito visivyo na idadi vinavyoingia humo. Daraja la kijito huwa magogo mawili au matatu yaliyolazwa, mbao zake zikiwa zimetoka au zimechukuliwa, na motari, dereva wa pikipiki ya abiria, hupita juu ya gogo moja kwa mwendo wa taratibu huku miguu yake ikining'inia pande zote mbili. Mahali daraja limechukuliwa kabisa, pikipiki hupakiwa kwenye mtumbwi. Mtumbwi haupakii pikipiki ya magurudumu matatu. Hapo hakuna mjadala wa ufundi wala wa umri. Safari imeishia ukingoni. Barabara ya kutoka Masisi kupitia Nyabiondo hadi upande wa Kibua na Mpofi imekuwa kwa muda mrefu njia ya miguu na ya pikipiki kuliko njia ya magari, na mwenye chombo kipana anayetaka kufika Walikale mjini anarudi Bukavu kwanza, aingie barabara ya taifa namba 3 kupitia Hombo na Musenge, kuzunguka ambako kunaweza kumla nguvu zote alizotarajia kuzitumia kutembea.

Ushahidi mkubwa wa Walikale ni Bisie. Kuanzia 2002 hivi watu walichimba kasiteriti kwenye kilima hicho katikati ya msitu, mali yenye thamani ya kutosha kumfanya mfanyabiashara anunue chombo chochote alichotaka duniani. Mali hiyo ilitoka mgongoni mwa watu, makumi ya kilomita kwa miguu hadi Njingala, kisha ikapelekwa Kilambo, ambako ndege ndogo zilikuwa zikitua juu ya kipande cha barabara ya lami ya kwenda Kisangani na kuipeleka Goma. Tulizoea kusimulia habari ya ndege zinazotua barabarani kama kichekesho. Si kichekesho. Ni hesabu ya watu waliotafuta faida na kukuta kwamba kati ya mgongo wa binadamu na ndege hapakuwa na kitu cha magurudumu mengi kinachofaa. Kampuni ya Alphamin, iliyoanza kuzalisha bati hapo kwa kiwango cha biashara mwaka 2019, ililazimika kwanza kujitengenezea barabara. Mstaafu hana uwezo wa kutanguliza barabara kabla ya pikipiki yake.

Wapo watakaosema kwamba barabara zitatengenezwa. Tulioanza kazi enzi za Zaire tunakumbuka malori ya Bukavu na Goma yakifika Kisangani kupitia Walikale, na tunakumbuka mfumo wa kantonye, wanakijiji waliolipwa kufungua mitaro na kujaza mashimo kwenye kipande chao cha barabara. Office des Routes, shirika la serikali la barabara, iliundwa mwaka 1971, na kwa muda ilikuwa na mashine. Kumbukumbu hiyo ndiyo inayotudanganya. Kwa kuwa tuliiona barabara ikiwa nzuri, tunadhani hali ya sasa ni ugonjwa wa kupita, na tunanunua chombo kwa ajili ya barabara iliyomo kichwani. Vita vya Masisi vilianza 1993, vikaja vya 1996, vya 1998, na vingine vingi tangu hapo. Masisi mjini iliingiwa na waasi wa M23 mwanzoni mwa Januari 2025, Sake na Goma zikafuata mwezi huohuo, na Walikale mjini tarehe 19 Machi, kabla ya waasi kuondoka huko mwanzoni mwa Aprili. Mtoto aliyezaliwa mwaka mtaro wa mwisho ulipozibuliwa sasa ana watoto. Tena barabara hiyo ikitengenezwa kweli, ikawekwa lami kutoka Sake hadi Walikale, basi hoja ya magurudumu matatu inakufa kwa upande mwingine: patapita basi, na mzee atakaa dirishani.

Ni vizuri kuangalia magurudumu matatu yalipostawi, maana hakuna anayesema ni chombo kibaya kila mahali. Mombasa na Dar es Salaam, bajaji na tuktuk zimejaa kwa sababu miji ile haina milima ya kutisha, mitaa mikuu ni migumu, na safari ni fupi. Dar ina pia guta za mizigo zinazofanya kazi ya maana. Kwa Wazungu wastaafu, chombo cha aina hii ni starehe: Can-Am Spyder ya Kanada, iliyotoka 2007, imeweka magurudumu mawili mbele na moja nyuma, mpango ulio imara zaidi kwenye kona, pamoja na vifaa vya elektroniki vinavyozuia isiteleze, na Tri Glide ya Harley-Davidson, iliyoingia sokoni kwa mwaka wa 2009, ina uzito unaopita kilo 500. Vijana wenye simu huwaonyesha wazee picha za vyombo hivi na kuwaambia, tazama, wenzenu wa huko wanatembea hivi. Wanatembea hivyo juu ya lami isiyo na mwisho, wakilala hotelini, na tumbo la chombo likiwa karibu na ardhi kwa sababu hakuna jiwe la kuligonga. Kinachofanana kati yao na sisi ni mvi tu.

Suala la fundi lingeweza kutosha peke yake. Kuanzia Sake hadi Njingala, kila penye vibanda vitano kuna kijana anayejua kufungua Boxer au TVS, mwenye plagi, cheni, tyubu na kebo ya klachi kwenye kopo, na jirani yake ni "Kadhafi", kama tunavyomwita anayeuza esansi kwa chupa. Ujuzi huo umeenea kwa sababu pikipiki hizo ni nyingi, nazo ni nyingi kwa sababu ujuzi umeenea. Difu ya chombo cha magurudumu matatu, ekseli yake, springi zake za mabapa, hivyo ni vya Goma, Butembo au Bukavu, na fundi wa Nyabiondo atavitazama kwa heshima bila kuvigusa. Kwa mwenye mshahara, kusubiri kipuri wiki tatu ni usumbufu. Kwa mwenye pensheni ni jambo jingine, hasa tangu benki za Goma zilipofunga milango mwishoni mwa Januari 2025 na watu wakajifunza upya kuishi kwa noti walizonazo mkononi. Fedha iliyolala ndani ya chombo kinachosubiri ekseli haiwezi kununua dawa.

Na kuna barieri, vizuizi vya barabarani vya kutoza wapita njia. Mwaka 2017 taasisi ya IPIS ya Ubelgiji ilihesabu barieri 798 katika Kivu mbili, Kaskazini na Kusini, na hakuna anayetembea huku aliyeshangazwa na idadi hiyo. Aliyesimama kwenye kamba ya barieri anapima kwa macho. Mtu wa miguu ana bei yake, pikipiki ina yake, na chombo chenye sanduku nyuma kinaonekana kama biashara hata kikiwa kimebeba mwavuli na kanzu ya Jumapili. Pikipiki ndogo yenye mzee mmoja inapita na salamu na noti ndogo. Nasema hivi bila furaha, kwa kuwa si haki kulipa hata hiyo noti ndogo, lakini mwenye kuchagua chombo anachagua pia jinsi atakavyoonekana kwenye kamba.

Linabaki pingamizi ambalo siwezi kulipuuza: mama wa nyumbani. Wastaafu wengi hawatembei peke yao, na mke aliyelea watoto na kulima miaka arobaini hapaswi kukaa juu ya kikapu cha chuma nyuma ya mume ambaye mwenyewe anayumba. Kwenye sanduku la magurudumu matatu angekaa, na mizigo yao pamoja naye. Nakubali kila neno la hoja hii isipokuwa mwisho wake. Kama wawili wanasafiri, na mmoja au wote hawana nguvu ya kushika chombo, basi jibu ni motari wawili wanaofahamika, vijana wa kijiji ambao wazazi wao wanajulikana, kila mmoja akimbeba mtu wake. Ni ghali kwa safari moja. Kwa mwaka mzima ni nafuu kuliko chombo kilichopinduka. Kuna umri, na kila mtu anaujua wake akiwa mkweli, ambao nafasi ya mzee ni nyuma ya motari, akimwambia taratibu mwanangu, taratibu. Wazee waliomlipa motari maisha yao yote hawaoni shida hapo. Wanaoona shida ni wale waliokuwa wakuu wa ofisi na wa shule, na shida yao haiko kwenye magoti.

Kwa anayeweza bado kuendesha mwenyewe, chombo cha kwanza cha kustaafia huku ni kile ambacho maparoko, wauguzi na watu wa chanjo walikipenda zamani: pikipiki nyepesi iliyo mfano wa Yamaha AG100, iliyobuniwa kwa ajili ya wafugaji, kilo 100 hivi, cheni yake imefunikwa isiingie tope, stendi za kusimamishia ziko pande zote mbili, na ina kibebeo cha chuma mbele na nyuma. Kiti chake kiwe cha kuruhusu nyayo zote mbili zikae chini bapa, si ncha za vidole. Hilo tu linaondoa nusu ya hofu ambayo gurudumu la tatu lilitakiwa kuiondoa. Tairi ziwe za meno, upepo upunguzwe kidogo siku za mvua, na safari ianze asubuhi baada ya jua kukausha ukingo wa barabara.

Magurudumu matatu nayo yana mahali pake, na mahali penyewe panajulikana. Mstaafu mwenye shamba Sake na nyumba Goma, kilomita 27 hivi za barabara iliyowahi kuwekwa lami na ambayo kwa sehemu kubwa ni tambarare, anaweza kukifanya chombo hicho kimlipe: mahindi asubuhi, saruji jioni, mkewe kitini. Vivyo hivyo mwenye duka Walikale mjini asiyevuka kijito chochote. Huyo akague gia ya kurudi nyuma, ngoma za breki, ufa kwenye fremu karibu na springi, na atafute mwenye kukiuza baada ya masika, si kabla. Na muuzaji akimwambia kwamba chombo hichohicho kitamfikisha Nyabiondo, amkubalie, mradi muuzaji mwenyewe apande ndani ya sanduku na waondoke kesho yake baada ya mvua.